Kabla Hujalipia Leza: Ushauri kwa Wenye Makovu ya Chunusi

Mwenye makovu ya chunusi akiingia kliniki ya ngozi mjini, swali lake la kwanza huwa moja: leza au sindano? Bei zimebandikwa ukutani, picha za kabla na baada ziko mezani, na mhudumu yuko tayari kumpangia siku. Nakuomba usilijibu swali hilo bado. Yako mawili yanayotangulia, na ndiyo yanayoamua kama fedha yako itazaa kitu: kovu lako ni la aina gani, na ngozi yako ni ya rangi gani. Mashine moja inaweza kumsaidia mtu mmoja na kumwachia mwingine mabaka meusi ya miezi kadhaa, na wote wawili wakawa wamelipa bei ileile.

Anza na kioo. Keti karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni, kwa sababu taa inayomulika uso moja kwa moja huyaficha mashimo yote. Pitisha kidole taratibu juu ya shavu. Penye alama nyeusi au ya kahawia, lakini kidole hakihisi bonde wala kilima, hapo hapana kovu; ni doa lililobaki baada ya ngozi kuvimba. Kisha ivute ngozi kidogo kwa vidole viwili uone kama mashimo yanalainika. Mwaka 2006 madaktari Goodman na Baron walipendekeza ngazi nne za kupima makovu haya, na mtu wa kawaida anaweza kuzitumia nyumbani. Ngazi ya kwanza ni alama bapa za rangi tu. Ya pili ni mashimo madogo ambayo mtu aliye umbali wa sentimita 50 hayaoni kwa urahisi, au yanafichwa na vipodozi au ndevu. Ya tatu yanaonekana kwa umbali huo, lakini hulainika ngozi ikivutwa. Ya nne hayalainiki hata uvute vipi.

Mashimo yenyewe nayo yana maumbo matatu. Kuna vishimo vyembamba vinavyozama ndani sana, upana wake chini ya milimita 2. Kuna mashimo yenye kingo zilizosimama wima na kitako bapa. Na kuna mabonde mapana, zaidi ya milimita 4, yasiyo na kingo, yanayoufanya uso uonekane wa mawimbi. Uso mmoja mara nyingi una yote matatu, na hapo ndipo ahadi ya tiba moja inayomaliza kila kitu inapovunjika, maana kila umbo lina dawa yake.

Niseme kwanza juu ya madoa, kwa sababu wengi wanaodhani wana makovu wana madoa tu. Ngozi nyeusi ina chembe za rangi zilizo nyepesi kuchokozwa. Chunusi ikivimba, au ukiitumbua, chembe hizo humwaga rangi nyingi mahali hapo, na doa linabaki hata chunusi ikishapona. Doa la namna hii kwa kawaida hufifia lenyewe, ila huchukua miezi, na la ndani zaidi huweza kupita mwaka. Linalolichelewesha ni jua. Kwa ngozi yetu mwanga unaoonekana kwa macho nao huongeza weusi, siyo ile miale ya urujuanimno peke yake, kwa hiyo kinga ya jua yenye rangi ndani yake, ile iliyotiwa oksaidi za chuma, hufanya kazi kuliko ile nyeupe inayoacha uso na vumbi la majivu. Juu ya kinga hiyo daktari anaweza kukuandikia asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, au krimu ya jamii ya retinoidi kama adapaleni au tretinoini, au haidrokwinoni kwa muda maalumu na kwa usimamizi wake. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiguse retinoidi. Asidi ya azelaiki inamfaa zaidi.

Mwenye madoa peke yake hana haja ya sindano wala leza. Na asikimbilie mkorogo. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mkorogo unauzwa waziwazi mitaani na masokoni, umechanganywa na mtu asiyejua alichochanganya, na ndani yake mara nyingi huwa steroidi kali, haidrokwinoni isiyo na kipimo, au zebaki. Wiki za mwanzo uso hung'aa, na hapo ndipo mtu anapoaminishwa. Halafu steroidi huikondesha ngozi, mishipa midogo ya damu ikajitokeza, na chunusi mpya zikafumuka kwa wingi kuliko za zamani. Haidrokwinoni ikitumika kiholela kwa miaka inaweza kuacha weusi wa kibuluu mashavuni ambao ni mgumu mno kuondoa. Zebaki huingia mwilini na kuumiza figo, na ndiyo maana Mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki. Anayeutumia mkorogo sasa na kutaka kuacha amwone daktari kwanza, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla uso huweza kuwaka na kuwasha vibaya.

Jambo jingine linalotangulia tiba ya makovu ni chunusi zenyewe. Kutibu makovu wakati chunusi mpya zinatoka kila wiki ni kupoteza fedha, maana kila moja inayovimba kwa ndani inaweza kuacha shimo jingine. Zizime kwanza. Kwa wengi adapaleni na benzoili peroksaidi zinatosha, na ushahidi upo kwamba mchanganyiko wa dawa hizo mbili, ukitumika kwa miezi sita, hupunguza mashimo kidogo na kuzuia mengine yasizaliwe. Chunusi kali zenye mabonge huhitaji isotretinoini ya kumeza, dawa yenye nguvu inayoharibu mimba changa na ambayo haifai kamwe kununuliwa dukani bila vipimo na bila daktari. Zamani mtu aliyemaliza isotretinoini aliambiwa asubiri miezi sita hadi mwaka kabla ya tiba yoyote ya makovu. Wataalamu walioupitia upya ushahidi mwaka 2017 waliona hakuna sababu ya kumzuia muda huo wote kwa tiba nyepesi kama sindano ndogo au asidi za juujuu. Tahadhari ilibaki kwa kuparua uso mzima na kwa leza kali zinazochoma ngozi yote.

Sasa tuje kwenye tiba zenyewe, na nitaanza na ile ambayo kliniki nyingi haziitangazi kwa sababu haina mashine ya kupigia picha. Mabonde mapana hayakai juu ya ngozi. Chini yake kuna nyuzi ngumu za kovu zinazoivuta ngozi kwenda chini, kama uzi unaolivuta godoro pale lilipofungwa kifungo. Hata ulainishe juu namna gani, uzi usipokatwa bonde halipandi. Mwaka 1995 madaktari wawili wa Marekani, David Orentreich na baba yake Norman, walieleza namna ya kuukata: daktari anatia ganzi, anaingiza sindano yenye ncha inayokata kupitia tundu dogo pembeni, na kuipitisha chini ya ngozi akizikata nyuzi hizo moja baada ya nyingine. Madaktari huiita sabsisheni. Damu kidogo inayojaa pale chini huanzisha uponaji mpya na kuishikilia ngozi isishuke tena. Utavimba na kupata michubuko kwa wiki moja hivi, wakati mwingine mbili, na huenda ukabaki na vinundu vidogo vinavyolainika kwa muda. Inarudiwa mara kadhaa, kila baada ya mwezi au zaidi.

Ninaipa tiba hii nafasi ya juu kwa ngozi nyeusi kwa sababu moja: karibu kazi yote inafanyika chini, na ngozi ya juu inabaki nzima. Michubuko huweza kuacha weusi wa muda, lakini rangi haichokozwi kama inavyochokozwa na moto wa leza. Tena vifaa vyake ni vya bei ndogo. Unacholipia ni mkono wa daktari, na mkono huo lazima uwe umefunzwa, maana usoni hupita mishipa ya fahamu na ya damu, hasa karibu na taya na kwenye paji karibu na sikio. Hii si kazi ya saluni.

Ya pili kwa thamani ni sindano ndogo nyingi zinazotoboa ngozi na kuiamsha itengeneze kolajeni mpya, yaani maikronidilingi. Ina mizizi hapa barani kwetu: daktari Desmond Fernandes wa Cape Town ndiye aliyeieneza kwa rola yake ya sindano. Kwa makovu sindano hushuka milimita 1.5 hadi 2.5, ganzi ya kupaka ikitangulia, na uso huwa mwekundu au wenye joto kwa siku mbili tatu. Inahitaji raundi tatu hadi sita, kila baada ya wiki nne hadi sita. Inafaa kwa mabonde na kwa mashimo yasiyo ya kina. Kwa vile vishimo vyembamba vya ndani haifanyi mengi. Kwa weusi wetu ni miongoni mwa tiba salama zaidi, kwani haichomi kwa joto, na madoa baada yake si mengi ikiwa mgonjwa atajikinga na jua.

Lakini rola za kununua mtandaoni na kujichoma mwenyewe bafuni siziungi mkono hata kidogo. Zenye sindano fupi hazifiki kwenye kovu, na zenye sindano ndefu mkononi mwa asiyejua huchana ngozi na kupanda vijidudu. Na hatari ya sindano chafu si ya kudhani. Mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha ripoti kuhusu wateja wa spa moja isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico walioambukizwa virusi vya UKIMWI kupitia huduma ya kuchomwa sindano usoni pamoja na plazima ya damu yao. Kwa hiyo kichwa cha sindano kifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako, na kikimaliza kazi kitupwe mbele ya macho yako. Ukiambiwa kimechemshwa au kimesafishwa kwa spiriti, inuka uondoke.

Kuna sindano zinazopitisha pia joto la mawimbi ya redio. Zile ambazo mwili wa sindano umefunikwa na ncha tu ndiyo inayotoa joto huiacha ngozi ya juu salama kiasi, na kwa mashimo ya ngazi ya tatu huweza kutoa matokeo mazuri kuliko sindano kavu. Bei yake ni kubwa. Ikipangwa vibaya huunguza, au huyeyusha mafuta ya shavu na kuliacha limezama, na hilo halirudi lenyewe. Chagua tiba hii pale tu ambapo daktari mwenyewe ndiye anayeishika mashine.

Vile vishimo vyembamba vina njia mbili. Moja ni kudondosha asidi ya TCA kali, kati ya asilimia 65 na 100, ndani ya kila kishimo kwa kijiti chenye ncha, mbinu iliyoelezwa na madaktari wa Korea mwaka 2002. Papo hapo hugeuka cheupe, kisha gamba linatoka baada ya siku kadhaa, na kishimo kinaanza kujaa kutoka chini. Inafanya kazi. Ila tone likitoka nje ya kishimo laweza kuacha duara jeusi au jeupe, na pengine kulipanua kovu, kwa hiyo kwa ngozi nyeusi sana daktari mwangalifu huanza na asilimia ndogo na vishimo vichache mahali palipofichika, akasubiri aone. Njia nyingine ni kukikata kishimo chote kwa kibomba kidogo cha mviringo na kushona uzi mmoja. Mtu mwenye vishimo vinne au vitano vikubwa atanufaika na njia hii kuliko na mashine yoyote. Kinachobaki ni mstari mwembamba usioonekana sana.

Nimeiacha leza hadi hapa makusudi. Leza ya kaboni dayoksaidi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, hunyonywa na maji yaliyo ndani ya ngozi na kuichoma tabaka kwa tabaka. Tangu mwaka 2004 ilipoelezwa mbinu ya kugawa miale iwe nukta nukta, ngozi nzima ikabaki kati ya nukta, usalama umeongezeka, na kwa mtu mweupe mwenye mashimo yenye kingo wima ni tiba nzuri sana. Kwetu hesabu ni nyingine. Kipimo cha rangi za ngozi cha Fitzpatrick, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilianza na watu weupe, na ngozi za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye. Wengi wetu tumo katika aina ya 5 na ya 6. Joto la leza likiingia kwenye ngozi hizo huamsha chembe za rangi, na mabaka meusi yanayofuata yanaweza kukaa miezi. Umeingia na mashimo, umetoka na mashimo yaliyopungua kidogo pamoja na madoa usiyokuwa nayo. Ziko leza zisizounguza tabaka la juu, kama ile ya nanomita 1,550, ambazo zina hatari ndogo zaidi nukta zikiwekwa chache na muda kati ya raundi ukiwa mrefu. Daktari akikushauri leza, muulize ameshawatibu wangapi wenye rangi yako, na akuonyeshe picha zao za baada ya miezi mitatu. Mwambie pia kama huwa unatokwa na malengelenge mdomoni, kwa sababu leza huweza kuyaamsha uso mzima na dawa ya kuzuia hutolewa mapema.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Kujaza bonde kwa sindano ya asidi ya hayaluroniki huinua shimo siku hiyohiyo, lakini kwa kawaida hudumu miezi kadhaa hadi mwaka au zaidi kidogo, kisha unalipa tena. Anayeidunga lazima ajue kutibu mshipa wa damu uliozibwa. Plazima ya damu yako huongezwa kwenye sindano ndogo ili kuharakisha uponaji, na faida yake ni nyongeza ndogo juu ya sindano zenyewe. Asidi za juujuu, kama salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 au glaikoliki, husaidia madoa na chunusi. Shimo hazijazi, hata ukifanyiwa mara kumi. Asidi nzito za fenoli si za ngozi yetu kabisa, na huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Makovu yaliyoinuka ni habari nyingine. Hutokea zaidi kwenye taya, kifua, mabega na mgongo, na sisi watu weusi tuna mwelekeo mkubwa wa kuyapata. Hayo usiyaguse kwa sindano ndogo wala leza ya kuunguza. Tiba ya kwanza ni kuchoma dawa ya triamsinoloni ndani ya kovu, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila baada ya wiki nne hadi sita, na wakati mwingine kuichanganya na dawa ya 5-FU. Kugandisha kwa baridi kali husaidia lakini huweza kuacha weupe. Keloidi, yaani kovu kubwa lililoinuka, ikikatwa kwa upasuaji peke yake, bila tiba nyingine kufuata, mara nyingi hurudi, na pengine kubwa kuliko ya kwanza. Kama umewahi kupata keloidi, hata ya kutoboa sikio, mwambie daktari kabla hajakugusa uso.

Ushahidi wa kulinganisha tiba hizi ni mwembamba kuliko matangazo yanavyodai. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba, mwaka 2016 walizikusanya tafiti 24 zenye washiriki 789, wakahitimisha kwamba hakuna tiba hata moja yenye ushahidi wa hali ya juu wa kuiweka mbele ya nyingine zote. Anayekuambia mashine yake ndiyo nambari moja duniani anakuuzia mashine. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni kwamba tiba mbili tatu zilizopangwa vizuri hushinda moja iliyorudiwarudiwa, kwamba kolajeni huendelea kujipanga miezi mitatu hadi sita baada ya raundi ya mwisho, na kwamba kovu hupungua bila kufutika. Piga picha kabla ya kuanza, mahali pamoja na mwanga uleule, kwani kumbukumbu ya macho hudanganya, yako na ya kliniki.

Kama fedha yako ni ya kuhesabu, nafasi yangu ni hii. Zima chunusi kwanza na ujikinge na jua kila siku kwa miezi mitatu. Kisha, kama una mabonde, okoa fedha ya sabsisheni kabla ya kitu kingine chochote, ukifuatisha sindano ndogo. Vishimo vyembamba vitibiwe kimoja kimoja. Leza ije mwisho, kama itahitajika. Uliza gharama ya raundi zote na dawa za baadaye, maana bei iliyobandikwa ukutani huwa ya raundi moja.

Na usiamini kwamba mtaalamu yuko katika kliniki yenye marumaru peke yake. Kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na wengi wao wanafanya kazi katika hospitali za umma na za mikoa. Wamekulia kwenye ngozi nyeusi, hawajifunzi kwako. Anza nao, hata kama ni kwa ajili ya kupata jina la tatizo lako tu, ndipo uende ukaulizie bei ukijua unachotafuta.

Kama una mdogo wako au mwanao mwenye chunusi zinazouma sasa hivi, usimwambie ni ujana zitapita. Mpeleke akatibiwe mwezi huu. Tiba yake ni rahisi, ni ya gharama ndogo, na ni ya uhakika kuliko zote nilizozitaja hapa.